Slaidi moja, madaktari wawili: jike wangu anaanza joto au ameshalimaliza?

#1 Ngozi Ngumu

Wakuu, heshima kwenu.

Nina jike wa German Shepherd, bado kijana, hili ni joto lake la pili. Uke ulivimba, damu ikaanza kudondoka, nikahesabu siku kama nilivyofundishwa. Dume alipoletwa jike akawa anakaa chini, akizidiwa anamgeukia kumng'ata. Nikampeleka kwa daktari. Akaingiza kijiti cha pamba ukeni, akakipitisha kwenye kioo, akatia rangi, akatazama kwa hadubini na kusema: "Ndiyo kwanza anaanza, mpe wiki nzima." Nikapiga picha ya kilekile alichokiona, nikamtumia daktari mwingine ninayemwamini. Huyu akajibu: "Umechelewa, joto limekwisha, jipange kwa lijalo."

Slaidi ni hiyohiyo. Mmoja ananiambia nimewahi, mwingine nimechelewa. Sasa hiki kipimo cha seli kinapima nini hasa? Picha hiyo hapo chini. Kwa macho yangu yasiyo ya kitaalamu naona seli nyekundu nyingi, nyeupe kibao, na seli nyingine za ukubwa tofauti zimechanganyika.

#2 Ukoka

Naweka kambi hapa.

#3 dume_la_mbegu

Mkuu achana na hadubini. Siku ya 11 wakutanishe, ya 13 rudia, kazi imeisha. Mbwa walikuwa wanazaana kabla mtu hajatengeneza kioo.

#4 Fundi wa Slaidi

Ngozi Ngumu, madaktari wako wote wawili huenda wamesoma vizuri walichokiona, na hapo ndipo penye ugumu. Mwanzo wa joto na siku za mara baada ya joto zinafanana mno kwenye slaidi moja. Mtu akipewa slaidi moja tu bila historia, anakisia.

Nieleze kidogo. Estrojeni, homoni ya kike, ikipanda, ukuta wa uke unanenepa, kutoka tabaka chache za seli hadi tabaka 20 au 30. Seli zinazosukumwa juu zinakuwa mbali na mishipa ya damu, zinajaa keratini, ile protini ngumu ya kucha, na kufa. Kijiti cha pamba kinaokota zile zilizo juu tu. Kwa hiyo ukiona seli za aina gani zimeokotwa, umejua ukuta una unene kiasi gani, na ukijua unene umejua estrojeni imekuwa ikifanya kazi kwa kiasi gani. Kipimo kinasoma estrojeni kupitia ngozi ya ndani. Yai halionekani popote hapo.

Seli za chini kabisa zinazookotwa ni parabasali: ndogo, za mviringo, kiini kikubwa kinachoonekana vizuri. Juu yake za kati, ndogo na kubwa. Halafu za juu: kubwa, bapa, kingo zenye pembe na mikunjo kama majani makavu, kiini kimesinyaa kikabaki nukta au kimepotea kabisa.

Mwanzoni mwa joto, ndiyo proestrasi, unaona zote zimechanganyika, damu ipo, na seli nyeupe bado zipo. Kadiri siku zinavyokwenda ndogo zinapungua na nyeupe zinatoweka kwa sababu ukuta umekuwa mnene, hazipenyi. Estrasi yenyewe, siku za jike kukubali dume, ni pale za juu zinapofika 80% hadi 90% na zaidi, nyeupe hakuna, na nafasi kati ya seli ni safi. Kisha inakuja daiestrasi, kipindi cha baada ya joto, na hii haiji polepole. Ndani ya siku moja au mbili za juu zinaporomoka, kwa kawaida hadi chini ya nusu, parabasali na za kati zinarudi, nyeupe zinamiminika upya.

Sasa tazama picha yako: mchanganyiko, nyekundu, nyeupe. Inaingia kwa mwanzo, inaingia kwa mwisho.

#5 Ngozi Ngumu

Shukrani mkuu, nimekuelewa. Ila hizo seli nyekundu si zinathibitisha kuwa ni mwanzo? Damu si huisha kabla ya jike kukubali dume?

#6 Mzee wa Mifugo

Hapana. Kwa majike wengi damu hufifia na kuwa rangi ya nyasi kavu wanapoingia estrasi, lakini wapo wanaotoa damu nyekundu estrasi nzima, na wengine seli nyekundu zinaonekana kwenye slaidi hata daiestrasi ikianza. Seli nyekundu ni kidokezo, usiitumie kuamua.

Na wewe dume_la_mbegu, siku ya 11 umeitoa wapi? Proestrasi kwa wastani ni siku 9, lakini inaweza kuwa 3 na inaweza kufika 17. Estrasi nayo wastani ni 9, ikianzia 3 hadi 21. Jike mmoja siku ya 11 amemaliza, mwenzake siku ya 11 hajaanza kumtazama dume. Tena siku ya kwanza yenyewe ni ile mwenye mbwa alipoona damu, siyo ile damu ilipoanza. Jike anayejilamba sana anaweza kukupotezea siku kadhaa bila wewe kujua.

#7 dume_la_mbegu

Mzee, mimi majike wangu wote wamezaa.

#8 Mzee wa Mifugo

Mbegu za dume mzima hukaa hai ndani ya jike siku 5 hadi 7, pengine zaidi. Ndizo zinazookoa hesabu yako. Siku utakayotumia mbegu zilizogandishwa, ambazo baada ya kuyeyushwa huishi saa 12 hadi 24 tu, hesabu hiyo itakutoa jasho.

#9 Mama Pupi

Kuhusu damu, jike wangu mdogo hatoi hata tone. Joto lake la kwanza lilipita sikulijua. Lililofuata daktari alimchukua seli kwa sababu nyingine kabisa, akakuta kioo kimejaa seli za juu tupu. Akaniambia huyu yuko estrasi sasa hivi. Dume alipoletwa, mkia ukawekwa pembeni dakika ileile. Bila slaidi nisingejua.

#10 Kobe Mzee

Mmeruka swali la kwanza: kijiti kilipita wapi?

Kwenye sakafu ya uke, karibu na mlango, kuna kishimo cha kinembe. Seli za hapo huwa na keratini hata kama jike hayuko kwenye joto. Ukiingiza kijiti moja kwa moja mbele, kinagusa hapo, na seli kubwa kavu zinaingia kwenye sampuli. Mbele kidogo ni tundu la mkojo, nalo lina seli zake. Njia sahihi ni kuingia kwa pembe ya juu ya uke, kuelekeza kijiti juu upande wa uti wa mgongo, kikishapita ukingo wa nyonga ndipo unakilaza kwenda mbele. Kijiti kiloweshwe kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisiingie kikavu.

Nadhani slaidi ya Ngozi Ngumu ina seli za sehemu mbili: ndogo na nyeupe za uke wenyewe, kubwa za kishimoni. Ukiziondoa hizo kubwa unabaki na jike ambaye hayuko karibu na estrasi kabisa.

#11 Fundi wa Slaidi

Kobe Mzee, hoja yako ni nzito, ila nina wasiwasi nayo. Uke ulivimba na damu ilidondoka. Estrojeni ilikuwepo, hiyo hatuwezi kuifuta kwa kulaumu kijiti.

Ngozi Ngumu, daktari alikiviringisha kijiti kwenye kioo au alikisugua? Ukisugua seli zinapasuka na kujikunja kingo, halafu ya kati inaonekana ya juu. Na alitumia rangi gani?

#12 Ngozi Ngumu

Nimemuuliza. Rangi ni Diff-Quik. Anasema alikiviringisha. Mimi nilichoona kwa macho yangu ni mkono ukienda na kurudi, ila siwezi kubishana na mwenye koti jeupe.

#13 dume_la_mbegu

Kwenda na kurudi ni kusugua mkuu, hata fundi viatu anajua.

#14 Kliniki Usiku

Salamu wote. Mimi ninafanya kazi hii kila siku, na nashangaa hakuna aliyetaja joto lililokatika.

Ni jike kijana, joto la pili, German Shepherd. Kwa majike wadogo hutokea estrojeni ikapanda, uke ukavimba, damu ikatoka, madume wakasogea, kisha yai lisitoke. Estrojeni inashuka, kila kitu kinatulia, na wiki chache baadaye jike anaanza upya, safari hii joto la kweli ambalo mara nyingi hushika mimba vizuri. Katikati ya mawimbi hayo mawili, ukichukua seli utaona hasa hiki: ukuta unaporomoka, ndogo zinarudi, nyeupe zinarudi. Kwenye hadubini itafanana na daiestrasi, ila haikutanguliwa na yai.

Kwa maelezo hayo daktari wa pili ameona sawa kuwa wimbi limekwisha, na wa kwanza yuko sawa kwamba joto lenyewe bado linakuja. Wote wawili wamepatia bila kujua.

#15 Ukoka

Huyu ameleta suluhu ya wazee wa baraza, kila mtu kapewa haki yake.

#16 Mzee wa Mifugo

Suluhu nzuri, lakini inahitaji ushahidi. Ili useme joto limekatika lazima uonyeshe kwamba yai halikutoka, na kwa seli huwezi.

#17 Hadubini Kuukuu

Jamani, 90% ya seli za juu si ndiyo yai limetoka? Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Kama jike aliwahi kufika 90% basi yai lilitoka, kwisha.

#18 Kliniki Usiku

Hapana Hadubini Kuukuu, na kosa hili ni la wengi. Seli zinaweza kufika kileleni siku kadhaa kabla ya kupanda kwa LH, homoni inayochochea yai kutoka, au karibu na siku hiyo, kila jike na mwili wake. Zikifika hapo zinakaa hivyohivyo siku nyingi. Ukiangalia slaidi yenye 95% hujui kama yai litatoka kesho kutwa au limetoka juzi.

Mpangilio wenyewe ni huu: LH inaruka, yai linatoka kama siku 2 baadaye, lakini kwa mbwa yai hutoka bichi. Linahitaji siku 2 hadi 3 nyingine likomae ndipo mbegu iweze kulirutubisha. Daiestrasi ya seli inaonekana kwa wastani siku 8 baada ya LH, yaani kama siku 6 baada ya yai kutoka. Kwa hiyo seli zinakupa tarehe kwa kurudi nyuma. Siku ukiona zimeporomoka, hesabu 6 kurudi nyuma, hapo ndipo yai lilipotoka. Kwa kupandisha haikusaidii tena, umechelewa. Kwa kujua siku ya kuzaa inasaidia sana.

#19 Mama Pupi

Hiyo ya siku ya kuzaa itilie maneno, wengi tunaumia hapo. Jike wangu mkubwa alipitiliza siku 63 tangu alipopandwa nikaanza kumtafutia lawama dume.

#20 Kliniki Usiku

Mama Pupi, ukihesabu kutoka siku ya kupandwa kuzaa kunaweza kuangukia popote kati ya siku 57 na 72, kwa sababu mbegu zinasubiri yai au yai linasubiri mbegu. Ukihesabu kutoka LH ni 65, kutoka kutoka kwa yai ni 63, na kutoka siku ya kwanza ya daiestrasi ya seli ni 57, zote kwa kupungua au kuzidi siku moja hivi. Ndiyo maana mimi namwambia mteja: hata ukishapandisha, endelea kuniletea jike nichukue seli kila siku mpaka niione siku hiyo. Wengi wakishapandisha wanapotea, wanarudi wakiwa na hofu ya mimba kupitiliza.

#21 dume_la_mbegu

Kutoka kutoka kwa yai. Kliniki Usiku, nenda kalale.

#22 Nungunungu

Mimi niko kwenye kambi nyingine kabisa. Seli nyeupe kibao, jike anakataa dume na kung'ata: je, hamjafikiria uambukizi wa uke? Kuna bakteria kwenye picha?

#23 Fundi wa Slaidi

Bakteria wapo, ila bakteria wapo kwa majike wazima pia, hasa kwenye estrasi unawaona wamekaa juu ya seli kavu. Nyeupe nyingi zenyewe ni kawaida ya daiestrasi. Ungeniambia nyeupe nyingi katikati ya seli za juu 90%, hapo ningeshtuka, maana wakati huo hazitakiwi kuwepo. Je, kuna harufu? Anajilamba kupita kiasi? Anakojoa mara kwa mara?

#24 Ngozi Ngumu

Harufu hakuna. Kula anakula. Na nimekumbuka jambo: kabla sijaleta dume, kuna jike mwenzake hapa nyumbani alikuwa akimpanda kwa mchezo, naye akasimama kabisa na kuweka mkia pembeni. Nilicheka tu. Je, hiyo ndiyo ilikuwa estrasi yake nikaipita?

#25 Kobe Mzee

Basi ameshapita huyo. Daktari wa pili yuko sawa, nimejiuzulu kwenye kishimo cha kinembe.

#26 Mzee wa Mifugo

Msikimbie hivyo. Jike hukubali dume pale estrojeni inaposhuka na projesteroni, homoni ya mimba, inaanza kupanda, lakini kwa wimbi lililokatika pia wengine husimama. Na jike kumkataa dume huyo mmoja haina maana amemaliza. Wana chaguo lao. Nimeona jike anayekataa dume mwenye vyeti kila siku na kumkubali koko wa uzio wa pili bila mazungumzo.

Na msisahau macho ya ndani. Daktari akiwa na kioo cha kuchungulia uke, kuta zenyewe zinasimulia: mwanzoni zimevimba, laini, za waridi, mikunjo ya mviringo. Karibu na yai kutoka zinasinyaa, zinapauka, mikunjo inakuwa na kona kali. Daiestrasi zinalala bapa na rangi ya mabaka. Mtu akiweka hayo pamoja na seli anakosea mara chache.

#27 Chongo

Samahani kwa kuingilia. Jike wangu alidondosha damu muda mrefu, nikadhani joto halikatiki. Seli zilipochukuliwa wakakuta seli za duara, nyingi, zenye vitundu vidogo angavu vimejipanga ndani yake. Haikuwa joto, ulikuwa uvimbe ule unaoambukizwa kwa kupandana. Alitibiwa kwa vinkristini, dawa ya saratani, akapona. Kwa hiyo damu isiyoisha isidharauliwe.

#28 Kliniki Usiku

Chongo, umefanya vizuri kuleta hili. Uvimbe huo ni wa ajabu, seli za saratani zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine. Kabla ya kumleta dume yeyote, vidole na macho vipite kwa wote wawili. Kwa Ngozi Ngumu sioni seli hizo kwenye picha, ingawa picha yenyewe imepigwa kwa simu juu ya lenzi.

#29 Ukoka

Swali la pembeni. Nani alianza kutazama seli za uke kwa hadubini? Yaani mtu aliamka asubuhi akaamua hivyo?

#30 Fundi wa Slaidi

Mwaka 1917 Charles Stockard na George Papanicolaou, wakiwa New York, walionyesha kwamba unaweza kufuata mzunguko wa simbilisi kwa kutazama seli za uke, bila kumchinja mnyama. Huyo Papanicolaou ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye kipimo cha mlango wa kizazi cha akina mama. Majina ya proestrasi na estrasi ni ya zamani zaidi, Walter Heape wa Uingereza aliyaweka mwaka 1900. Kwa mbwa, kazi kubwa ya mapema ni ya Herbert Evans na Harold Cole wa California, 1931.

#31 dume_la_mbegu

Kwa hiyo akina mama wanapimwa kwa hisani ya panya.

#32 Mama Pupi

Simbilisi si panya, na soma kabla ya kuandika.

Halafu mimi nina lingine. Rafiki yangu ana jike aliyetolewa kizazi zamani, sasa uke umevimba na madume wanalala getini. Inawezekana?

#33 Kliniki Usiku

Inawezekana. Mwambie amchukue seli wakati huohuo uke ukiwa umevimba, asisubiri utulie. Zikionekana za juu tupu, kuna estrojeni inatoka mahali. Ama kipande cha ovari kilibaki wakati wa upasuaji, ama inatoka nje ya mwili wake. Kuna krimu za estrojeni wanazopaka wanawake waliokoma hedhi, wakipaka mkononi mbwa analamba, na mwili wake unaitikia. Muulize rafiki yako hilo kwa upole.

#34 Nungunungu

Na kama jike katoroka ukamkuta na dume, slaidi inaweza kukuambia kama walifanikiwa?

#35 Fundi wa Slaidi

Ukichukua mapema unaweza kuona mbegu, mara nyingi vichwa tu bila mikia, hasa ndani ya siku ya kwanza. Ukiziona, walipandana. Usipoziona usishangilie. Lakini kuna faida nyingine: kama seli zinaonyesha yuko mbali na estrasi, hofu ya mimba inapungua sana.

#36 Ngozi Ngumu

Nimerudi wakuu. Sampuli mpya imechukuliwa, safari hii na daktari wa pili, kijiti kikielekezwa juu kama Kobe Mzee alivyosema (nilisimama pembeni nikitazama). Seli karibu zote ni ndogo, za mviringo, kiini kikubwa. Nyeupe bado nyingi. Nyekundu chache. Seli kubwa kavu ni za kuhesabu.

Daktari wa pili anasema "nilikwambia". Wa kwanza nimempelekea picha, anasema hajawahi kuona proestrasi ikirudi nyuma, labda ni joto lililokatika.

#37 Kobe Mzee

Nimerudi kwenye kishimo changu. Mnaona? Kijiti kimepita sawasawa, na seli kubwa zimetoweka. Hazikuwa za uke tangu mwanzo.

#38 Fundi wa Slaidi

Au zimetoweka kwa sababu siku zimepita na ukuta umemaliza kuporomoka. Kubadilisha mtu, mkono na siku kwa pamoja kunakunyima jibu, huwezi kujua ni kipi kilichobadilisha slaidi.

Nina uhakika na jambo moja tu: haikuwa mwanzo wa joto linaloendelea. Kama ingekuwa hivyo, sasa seli za juu zingekuwa zimeongezeka. Hiyo ndiyo faida ya kurudia kila baada ya siku 2 au 3, mwelekeo unaonekana.

#39 Mzee wa Mifugo

Apimwe projesteroni ya damu. Kwa mbwa homoni hii huanza kupanda kabla ya yai kutoka, jambo ambalo wanyama wengi hawana. Karibu na LH iko kama nanogramu 2 kwa mililita, yai likitoka iko kwenye 5 hivi, na daiestrasi ikianza inatakiwa iwe zaidi ya 10 na inapanda. Ikiwa juu, yai lilitoka na daktari wa pili kashinda. Ikiwa chini ya 1, hapakuwa na yai, na Kliniki Usiku kashinda.

Kama yai lilitoka, chunga wiki 4 hadi 8 zijazo, mimba iwepo isiwepo. Akinywa maji sana, akakosa hamu ya kula, au akatoa uchafu, mpeleke siku hiyohiyo. Usaha kwenye mfuko wa uzazi hupenda kipindi hicho.

#40 Ngozi Ngumu

Majibu yametoka: 1.8.

#41 Nungunungu

Hahaha. Katikati kabisa.

#42 Hadubini Kuukuu

1.8 ni LH inakaribia! Leteni dume haraka!

#43 Kliniki Usiku

Tulia. LH ikaribie halafu slaidi iwe na parabasali tupu? Haviendi pamoja. Ngozi Ngumu, 1.8 ya nini? Kuna maabara zinaandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita. Tofauti ni zaidi ya mara 3: nanogramu 1 ni nanomoli 3.18. Kama hiyo ni nanomoli, basi kwa kipimo tunachozungumzia hapa ni chini ya 0.6, na hakuna yai lililotoka.

#44 Ngozi Ngumu

Karatasi imeandikwa 1.8 peke yake. Hakuna kingine mbele yake.

#45 Mzee wa Mifugo

Kama ni nanogramu basi sielewi. Kwa daiestrasi ni ndogo mno, kwa jike aliyetulia ni kubwa kidogo. Yawezekana kuna kifuko kwenye ovari kilichojaribu kuwa mwili wa njano (tezi inayobaki kwenye ovari yai likishatoka) kikashindwa. Utrasaundi ya ovari ingesaidia, ingawa kwa mbwa ovari hufichwa na mafuta.

#46 Fundi wa Slaidi

Ukiwapigia maabara uliza pia damu ilikaa kwenye chupa gani. Zile zenye jeli ya kutenganisha zinaweza kunyonya projesteroni, kipimo kikasoma chini ya ukweli.

#47 Kobe Mzee

Kwa hiyo daktari wa pili bado anaweza kushinda.

#48 dume_la_mbegu

Madaktari wawili, vijiti viwili, na sasa chupa nayo ina maoni. Mimi siku ya 11 yangu inanitosha.

#49 Ngozi Ngumu

Nimewapigia. Kuhusu chupa wamesema ina kizibo cha dhahabu, kuhusu kipimo anayejua hayupo zamu. Ameniambia nipige asubuhi.

#50 Kliniki Usiku

Kizibo cha dhahabu ni jeli hiyo. Rudia damu kwenye chupa tupu yenye kizibo chekundu, na seli chukua siku hiyohiyo, mkono uleule wa safari iliyopita. Ukiona uke unavimba tena wiki chache zijazo usisubiri damu, anza slaidi siku ya kwanza.